Karatasi ya Makosa ya Babu Isifichwe

Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini, yakiongozwa na Luteni Kanali Murray, yaliingia Bismarckburg, boma la Wajerumani lililokuwa Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Miaka miwili na ushei baadaye, Novemba 25, 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, mwendo mfupi kutoka mpaka wa mkoa wa Rukwa. Askari wake Waafrika 1,168 waliweka silaha chini, wakapelekwa Kasanga, wakapandishwa meli hadi Kigoma, kisha wakawekwa kambini Tabora. Vita vya Mjerumani katika Afrika Mashariki vilipita Ufipa, nchi ya Wafipa ambayo leo imo ndani ya Rukwa, na kufia mlangoni mwake.

Kwa hiyo familia ya Kaengesa, huko Ufipa, inayosimulia kwamba babu yao mkuu alibeba bunduki, au alibeba mzigo wa wenye bunduki, haitungi hadithi. Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilitoa wanaume karibu 87,000. Wengi waliingia King's African Rifles, jeshi ambalo wazee walilizoea kwa jina la Keya. Vikosi vya Watanganyika, kama cha 26 na cha 36, vilivuka bahari vikiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vikapigana katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, kwenye mvua, matope na malaria, hadi divisheni ilipofika Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Wengine walikuwa wameshapita Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942.

Waliorudi hawakurudi na karatasi nyingi. Aliyebahatika alikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake, muda aliotumikia na maneno machache juu ya tabia yake. Wengine walibaki na medali tu, na medali hizo hazimsaidii sana mjukuu. Zile ambazo Uingereza ilitoa baada ya vita vya kwanza zilichongwa jina, namba na kikosi kwenye ukingo. Za vita vya pili, pamoja na Nyota ya Burma, askari wa Keya walipewa zikiwa tupu. Mtu anaweza kuikuta ndani ya sanduku la marehemu na asijue hata kama ilikuwa ya babu au ya mdogo wake.

Kuna pia yale yanayosemwa kwa sauti ya chini. Alitoroka kambini. Alichapwa viboko. Aliwekwa kota-gadi, mahabusu ya kambi, kwa ulevi. Alirudishwa nyumbani kabla ya wenzake na hakuna aliyeeleza kwa nini. Katika koo nyingi utafutaji hukoma hapo. Mjukuu anaanza kuuliza, mtu mzima mmoja anamwambia ayaache mambo ya wazee yapumzike, naye anaacha kwa heshima. Heshima hiyo inaeleweka, lakini gharama yake ni kubwa mno. Anayemtafuta askari wa zamani angefanya vizuri kuanzia kwenye makosa yake, na ukoo ungefanya vizuri kumruhusu.

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kufungua nyaraka za jeshi la kikoloni. Askari Mwafrika aliyefanya kazi yake bila kasoro hakuandikwa, alihesabiwa. Shajara za vita za vikosi, ambazo leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, London, zinawataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa, kumi wana homa. Siku askari huyo alipokosea, jeshi lilimwona. Taratibu za Uingereza, ambazo Keya ilijengwa juu yake, zilitaka kila mtu awe na karatasi yake ya mwenendo, yenye safu za mahali, tarehe, kosa, majina ya mashahidi, adhabu, na jina la ofisa aliyeitoa. Kwa askari asiyejua kusoma, ambaye hakuacha barua wala picha, mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa maandishi pekee duniani yanayosema alikuwa wapi siku fulani na alifanya nini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tuseme mstari huo unasomeka kwamba askari kutoka Ufipa alichelewa kurudi likizo kwa wiki tatu, akakatwa mshahara. Ukiusoma peke yake ni aibu ndogo. Usome pamoja na jiografia. Njia mojawapo ya kufika nyumbani wakati ule ilikuwa kushuka treni Kigoma, kungoja meli ya Liemba, kuteremka Kasanga, kisha kupanda uwanda kwa miguu. Likizo iliyopangwa na karani wa kambi haikuijua Liemba wala milima ya Ufipa. Usome tena pamoja na kitabu cha ubatizo cha parokia: kama mtoto wa askari huyo alizaliwa miezi tisa baada ya uchelewaji, karatasi ya makosa imeuthibitisha ukoo mzima. Usome na kalenda ya kilimo, na huenda ukagundua kwamba aliyeitwa mtoro alikuwa shambani akilima.

Nani aliyeandika kosa, na kwa sheria ipi? Hilo nalo lazima lisomwe. Jeshi la Uingereza liliacha kuwachapa viboko askari wake mwaka 1881. Askari wa Keya, waliokuwa chini ya sheria maalumu ya jeshi hilo, waliendelea kuchapwa hadi miaka ya 1940, wakati wenzao weupe kwenye mahandaki yaleyale walilindwa dhidi ya adhabu hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Kabla yao askari na raia wa enzi ya Mjerumani walizijua fimbo ishirini na tano, hamsa ishirini, kiasi kwamba hesabu hiyo ikawa jina la adhabu yenyewe. Mtu anayeona neno "viboko" kwenye kumbukumbu ya babu yake ameona kwanza sera ya serikali, na mwenendo wa babu baadaye.

Tena si wote walioingia Keya kwa hiari. Kuanzia mwaka 1940 Tanganyika ilikuwa na sheria ya utumishi wa lazima. Wapo waliojitolea kwa mshahara, kwa ushujaa au kwa kutaka kuona dunia, na wapo waliotolewa kijijini kwa sababu jumbe alidaiwa idadi. Neno utoro haliwezi kuwa na uzito uleule kwa watu hao wawili. Malipo nayo yanaeleza mengi: mwaka 2019 uchunguzi wa mwandishi Jack Losh, uliotangazwa na Al Jazeera, ulionyesha kutokana na hati za Uingereza yenyewe kwamba askari Waafrika walipoachishwa jeshi walipewa kiinua mgongo cha vita ambacho kwa cheo kilekile kilikuwa karibu theluthi moja tu ya kile cha mzungu. Kutotii amri katika jeshi la namna hiyo ni jambo ambalo mjukuu ana haki ya kulipima upya.

Mfano wa wazi kabisa ni wa mtu wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kijerumani, naye akaingia jeshini akiwa bado mtoto katika vita vya kwanza. Baadaye alihamia Berlin. Huko alidai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwahi kulipwa, akanyimwa. Mwaka 1934 aliomba medali ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 24, 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliweza kuandika kitabu kizima juu yake, na mwaka 2007 jiwe la kumbukumbu likawekwa Berlin lenye jina lake. Kilichomwezesha ni mafaili ya madai, ya kukataliwa na ya mashitaka. Maelfu ya askari wenzake walioishi kwa utulivu na serikali hawana hata ukurasa.

Mafaili hayohayo huwaumbua wakubwa pia. Mwaka 1954 Kapteni Gerald Griffiths wa kikosi cha 5 cha Keya alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka mitano kwa kuwatesa mateka nchini Kenya wakati wa Mau Mau. Kumbukumbu za kesi yake ni miongoni mwa ushahidi ambao wanahistoria wameutegemea kueleza jeshi lilivyoendesha vita ile. Ukweli huu una upande mgumu. Vikosi vya Watanganyika navyo vilipelekwa Kenya miaka hiyo, na askari wa Mjerumani walichoma vijiji na ghala za chakula wakati wa Maji Maji. Mjukuu anayefungua faili anaweza kukuta babu aliyeonewa, na anaweza kukuta babu aliyemwonea mtu mwingine. Awe tayari kwa yote mawili. Familia ya aliyeonewa, iwe Songea au Nyeri, nayo inatafuta majibu.

Basi karatasi hizi ziko wapi? Kwa Mwingereza jibu limekuwa rahisi. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza imekuwa ikihamishia Kew kumbukumbu za utumishi wa wanajeshi, zaidi ya milioni 9, na mjukuu wa askari wa Manchester anaweza kuomba faili la babu yake, karatasi ya mwenendo ikiwemo, akiwa nyumbani kwake. Mjukuu wa askari wa Kaengesa hana mlango wa namna hiyo. Mambo ya Keya yaliendeshwa kutoka makao makuu ya kamandi Nairobi, na kumbukumbu za askari mmoja mmoja zikatawanyika baada ya uhuru wa nchi tatu za Afrika Mashariki. Zilizobaki Dar es Salaam ziko chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye jengo lake Upanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30, kwa hiyo kisheria hakuna cha kuzuia karatasi ya mwaka 1944 isisomwe. Kinachozuia ni nauli, na kutojua uombe faili lipi.

Upanga kuna hazina ambayo Watanzania wengi hawaijui. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa humo ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Umuhimu wake ni mkubwa zaidi kwa sababu hifadhi kuu ya jeshi la Ujerumani, iliyokuwa Potsdam, iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Ukosefu wa karatasi ulikuwa na matokeo ya kugusa. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa Lettow waliokuwa bado hai mishahara yao ya zamani, wazee wengi walifika bila cheti chochote. Husimuliwa kwamba ofisa wa benki pale Mwanza aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye kwata, nao wakafanya. Miili yao ilikuwa imetunza kile ambacho makabati ya Potsdam hayakutunza.

Mwaka huohuo ulileta pengo jingine, na hili ni letu wenyewe. Keya ya Tanganyika ilipata jina la Tanganyika Rifles nchi ilipojitawala mwaka 1961. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Wa Tabora wakafuata. Januari 25 makomando wa Uingereza waliteremka kutoka manowari Centaur, maasi yakazimwa, jeshi likavunjwa, na Septemba 1 likazaliwa JWTZ. Sajenti Francis Hingo Ilogi, aliyeongoza, alifungwa miaka 15. Askari wengine wengi, waliofanya kitu na wasiofanya, walivua sare na kurudishwa makwao. Wapo wajukuu wa Rukwa wanaojua tu kwamba babu "alitoka jeshini 1964", na wameelekezwa wasiulize zaidi.

Hapa JWTZ lilionyesha ujasiri ambao koo zingeweza kuufuata. Mwaka 1993 jeshi lenyewe lilichapisha, kupitia chapa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitabu kuhusu maasi yale. Taasisi yenye kila sababu ya kuificha siku yake mbaya kuliko zote iliiandika na kuiuza dukani. Uingereza nayo, baada ya familia kushinikiza kwa miaka mingi zikiwa na majalada ya mahakama za kijeshi mikononi, ilipitisha sheria mwaka 2006 iliyowasamehe wanajeshi 306 waliopigwa risasi alfajiri na jeshi lao katika vita vya kwanza kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo. Kama wajukuu wao wangeona haya kuomba majalada hayo, msamaha huo usingekuwa na majina ya kuandikwa.

Ufipa ina faida moja ambayo mikoa mingi haina, nayo ni vitabu vya kanisa. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walifika Karema mwaka 1885 na kueneza parokia uwandani na kando ya ziwa, wakiandika kila aliyebatizwa: jina lake, wazazi wake, kijiji, msimamizi, na baadaye ndoa yake pembeni ya ukurasa uleule. Watu wa Kaengesa, wenye seminari ya muda mrefu jirani, hawahitaji kuelezwa thamani ya kitabu cha parokia. Askari huyohuyo anaweza kuwa na jina la Kifipa nyumbani, la Kilatini parokiani na jingine alilojipa au alilopewa na karani wa jeshi, huku kabila lake likiandikwa Mfipa hata kama ni Mlungu au Mnyika. Bila kitabu cha ubatizo kuyaunganisha majina hayo, hata faili likipatikana London, hakuna atakayejua ni la nani.

Kwa aliyekufa vitani njia ni fupi kidogo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti, na Watanganyika walioangukia Burma wanaweza kutafutwa humo, ama kwa kaburi, ama kwa jina lililochongwa kwenye mnara wa Rangoon pale Taukkyan. Hali ya vita vya kwanza ni ya kusikitisha. Ripoti ya Tume hiyo ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawawakilisha kwa pamoja bila kumtaja mmoja wao. Wapagazi waliochukuliwa Ufipa na Waingereza, wakafia vitani, wako katika idadi hiyo ya Tume. Tume iliomba radhi, na tangu hapo imekuwa ikitafuta majina katika hifadhi za Afrika Mashariki, Nairobi ikiwemo.

Hapo ndipo Tanzania inapaswa kuingia, na kwa sauti. Uingereza inaposkani mamilioni ya mafaili ya watu wake, Serikali ina haki ya kuomba kwamba kila ukurasa unaomhusu Mtanganyika uje nao, bila malipo. Iombe pia kwa Kenya, kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nakala za chochote cha Keya kilichobaki Nairobi. Kisha Idara ya Nyaraka itengeneze faharasa ya majina kwa wilaya za zamani, kwa kuwa karani wa 1942 aliandika Ufipa wala hakuijua Rukwa, mkoa uliozaliwa 1974. Nakala ya faharasa hiyo ikae Sumbawanga, kwenye ofisi ambayo mtu wa Kaengesa anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jimbo Katoliki la Sumbawanga likiskani vitabu vyake vya kale, vyenye hatari ya unyevu na mchwa kama karatasi zote, litakuwa limefanya nusu ya kazi. Na faharasa isiyaache nje makosa. Ikichujwa ibaki ya waliopandishwa vyeo na waliopata nishani, itakuwa imewaacha askari wa kawaida karibu wote.

Wakati hilo halijafanyika, kazi ya kwanza inaweza kuanza wiki hii bila kibali cha mtu. Watoto wa askari walioachishwa jeshi kati ya 1945 na 1947 sasa ni wazee. Waulizwe baba yao alibatizwa wapi na kwa jina lipi, aliandikishwa chini ya jumbe gani, nani wa kijiji jirani alikwenda naye, alikuja likizo mwaka gani, alirudi na namba gani kwenye cheti kama cheti kilikuwepo. Waulizwe pia kama aliwahi kuadhibiwa, kwa kosa gani, kambi gani, na ofisa wa jina gani. Swali hilo liulizwe pamoja na mengine, kwa adabu ileile, mbele ya wanafamilia wote waliopo, na jibu liandikwe kwenye daftari lilelile pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa.